Balansi ya nani? Somo la kuchagua na kukagua vipimo vya kooperative

Mvua zinakwisha, mahindi yanaanza kukauka shambani, na munajua ni nani anayefuata: mnunuzi na kamyo yake, magunia yake matupu, na balansi yake. Ndugu wanakooperative, bamama na babaa wa Mutshatsha, Lubudi na kandokando ya Kolwezi, somo la nambari hii ni juu ya ile balansi. Tutasema namna ya kuchagua ya kwenu wenyewe, na zaidi namna ya kuikagua, juu balansi ambayo haikaguliwi ni chuma tu.

Kwetu Lualaba jambo hili halihitaji maelezo marefu. Wengi wenu muna mtoto, ndugu ao bwana anayechimba, na munajua Metorex. Ni kile chombo kama bastola ambacho mnunuzi wa madini anakigusisha kwenye jiwe, kinapiga mionzi, kinaandika tenere: shaba kiasi gani, kobalti kiasi gani. Namba inatoka na desimali zake, nzuri kabisa, na bei inafuata namba. Mwezi wa kwanza 2016 Amnesty International pamoja na Afrewatch walitoa ripoti juu ya kobalti ya hapa kwetu. Wachimbaji waliohojiwa walisema hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakikisha uzito wala tenere. Walipaswa kukubali kile mnunuzi alichowaambia. Mtu aliyefika soko la Musompo na magunia yake analijua jambo hilo bila kusoma ripoti.

Ugonjwa ule ule uko katika mahindi, ila hauna kelele. Mchimbaji anajua kwamba anadanganywa na anapiga makelele. Mkulima anaona mshale wa balansi umesimama kwa 97, anasema, labda gunia halikujaa. Mwambieni mnunuzi muangalie pamoja, atajibu: "Balansi yangu haina bongo." Pengine ni kweli. Lakini kati ya "pengine" na mufuko wenu hakuna kitu, kama kooperative haina kipimo chake.

Tufanye hesabu moja tu. Balansi inaiba kilo 3 kwa kila gunia la kilo 100. Kooperative inauza magunia 400. Ni kilo 1,200, yaani magunia 12 yamepanda kamyo bure. Pigeni hesabu kwa bei ya mahindi ya juma hili, halafu ulizeni bei ya balansi mupya. Ndiyo maana tunaona kwamba balansi inakuja mbele ya bâche, mbele ya kinu, mbele ya meza ya ofisi.

Somo hili ni la balansi na vipimo vyenye namba. Meka tunaiacha kwa bamama wa soko, ambao wanajua kila moja namna ilivyopigwa nyundo chini ili ipunguke. Tuseme tu kwamba meka inapima nafasi, haipimi uzito. Mahindi mabichi na makavu, unga wa kusaga vizuri na wa kusaga vibaya, vinajaza nafasi moja kwa kilo tofauti. Tanzania kule wanapigana miaka mingi na gunia la lumbesa, lile lenye kilima juu, na sheria yao inalikataza. Kenya nao mwaka 2019 waliweka kanuni kwamba gunia la viazi lisipite kilo 50. Sheria peke yake haikutosha, sokoni bado munaona kilima. Balansi kwenye depo inasaidia zaidi.

Soma kibao kabla ya kulipa

Watu wakienda kununua balansi wanauliza maswali mawili: inafika kilo ngapi, na ni franga ngapi. Swali la tatu ndilo linalokaa pembeni, nalo ni kubwa: inaruka kwa hatua gani?

Geuzeni balansi ya biashara, mutaona kibao kidogo. Kimeandikwa Max, Min na herufi e. Max ni uzito wa juu. Herufi e ni hatua, yaani kipande kidogo kabisa ambacho balansi inaruhusiwa kuhesabu katika biashara. Na Min ni uzito wa chini; chini ya hapo musiiamini. Kwa balansi za biashara ya kawaida, zile zenye alama ya III ndani ya duara lililobonyea, Min ni hatua 20. Basi balansi ya Max kilo 150 yenye e ya gramu 50 haifai kupima kitu chini ya kilo 1. Tumeona vikundi vinagawa mbegu, nusu kilo kwa kila mtu, juu ya baskuli ya magunia. Kila mtu aliondoka na kiasi chake tofauti, na hakuna aliyekuwa mwizi.

Hakuna balansi isiyo na kosa. Balansi ya daraja hilo la III, ikiwa mupya na imekaguliwa, inaruhusiwa kukosea hatua moja kwenye gunia la kilo 100 kama e ni gramu 50. Yaani gramu 50 juu ao chini. Ikiisha kuingia kazini inaruhusiwa mara mbili, gramu 100. Hiyo ni konzi ndogo ya mahindi. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba balansi yake imekosa kilo 2 "juu ni ya zamani", jibuni kwamba uzee haufiki huko. Imeharibika, ao imefundishwa.

Kwa depo ya mahindi, Max kilo 150 ao 300 na e ya gramu 50 ao 100 inatosha kabisa. Musidanganywe na muuzaji anayewaonyesha skrini yenye desimali tatu. Desimali ni maandishi. Balansi inaweza kuandika 98.365 na kumbe gunia ni kilo 101. Kuhesabu vipande vidogo ni kitu kimoja, kusema kweli ni kitu kingine, na mara nyingi muuzaji anauza cha kwanza kwa jina la cha pili.

Namna za balansi munazokutana nazo kwetu ni tatu hivi. Ya kutundika yenye uso kama saa ni rahisi kwa bei, inabebeka kwa kinga (baiskeli), haihitaji betri. Lakini ndani kuna springi, na springi inachoka. Gunia likiachwa limening'inia usiku mzima springi inavutika, kesho mshale haurudi kwenye sifuri. Nyingi zinaruka kwa nusu kilo, basi hata musomaji mwaminifu anakosa robo kilo kwa jicho tu. Tunazikubali kwa kijiji kinachokusanya mazao mbali na depo, ila bei ya mwisho isikatwe juu yake. Ya elektroniki, ya kutundika ao ya kuweka chini, inasoma vizuri, mpaka betri inapolegea ao vumbi na maji vinapoingia. Na ikiharibika hapa, fundi wa kuitengeneza vizuri hapatikani haraka. Ya tatu ni baskuli ya mkono, ile yenye fimbo na uzito wa kusukuma. Ni nzito na ni ya polepole, vijana wanaicheka. Sisi tunaipenda. Inakaa miaka mingi, haitaki betri, na kosa lake linaonekana kwa macho: fimbo haisimami sawa. Kama kooperative ina depo yenye saruji chini na inanunua balansi moja tu, tungechagua hiyo. Kama munahamahama kutoka kijiji hadi kijiji, chukueni ya elektroniki pamoja na betri za akiba.

Neno moja la hapa kwetu. Baskuli iliyotoka kwenye depo ya madini isiingie depo ya chakula bila kuoshwa vizuri kabisa, na magunia yaliyobeba madini yasibebe mahindi hata yakioshwa. Vumbi lile linaingia ndani ya nyuzi. Ni rahisi kwa bei, tunajua. Musiyanunue.

Kukagua: chuma, maji, pembe nne

Sasa tuko kwenye moyo wa somo. Kununua ni siku moja, kukagua ni kila siku ya soko.

Munahitaji kitu ambacho uzito wake munaujua na haubadiliki. Mchanga haufai, juu unakunywa maji na kukauka. Gunia la mahindi halifai kwa sababu ile ile, na panya wanalisaidia. Chuma kinafaa. Kolwezi haikosi chuma kizee. Tafuteni kipande kizito, halali, si reli ya SNCC tafadhali. Pakeni rangi kwanza ili kisipate kutu, kiacheni kikauke, ndipo mukipime kwenye balansi inayoaminika. OCC wana huduma ya metroloji. Kama munaweza kuwafikia, hapo ndipo pa kuanzia. Andikeni uzito juu ya chuma kwa rangi nyingine. Kikae chini ya ufunguo, na ufunguo usiwe kwa mtu anayepima. Sheria ya kooperative ya OHADA imeweka watu wa kusimamia pembeni ya wale wanaoongoza; hiki chuma ni kazi yao nzuri.

Kama balansi ya kuaminika iko mbali, maji yanasaidia. Lita moja ya maji safi ni kilo moja, karibu sawasawa. Nunueni chupa ya maji ya lita 1 na nusu ambayo haijafunguliwa, na kabla ya kuifungua pigeni alama pale maji yanapofika. Sasa chupa hiyo ni kipimo. Pimeni bidon tupu pamoja na kifuniko kwenye balansi ndogo ya jikoni. Tuseme imekuwa gramu 950. Tieni ndani lita 19 na mililita 50, na bidon yote itakuwa kilo 20. Musijaze bidon mpaka mdomoni na kusema ni 20, kwa kuwa bidon nyingi zinazoitwa za lita 20 zikijaa kabisa zinapita hapo. Mukifanya kwa uangalifu, kosa la njia hii halifiki robo kilo. Haitoshi kugombana na mtu juu ya gramu 50. Inatosha sana kumkamata anayeiba kilo 2.

Na musikague kwa kilo 20 tu mukafurahi. Springi iliyochoka inaweza kusema kweli kwa 20 na kudanganya kwa 90. Tayarisheni bidon nne ao tano, muongeze moja moja: 20, 40, 60, 80, 100, na muandike kila mara balansi ilisema nini. Kisha mushushe moja moja, namba zirudi zile zile. Baskuli na balansi za kuweka chini zina jaribio lingine: bidon moja iwekwe katikati, halafu kwenye kila pembe. Kama pembe moja inasema 20 na nyingine 19, mpimaji mwerevu atajua pembe ya kuweka gunia lenu.

Mengine ni ya macho. Mshale uwe sifuri kabla ya kutundika, na ndoano ao kamba iwe imehesabiwa. Gunia lisiegemee mguu wa mtu wala nguzo. Musomaji asimame mbele ya uso wa balansi, jicho likiwa sawa na mshale. Ukisoma kutoka chini ao pembeni mshale unaonekana mahali pengine. Uso wa balansi uwaangalie wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Uzito wa gunia tupu ukatwe ule wa kweli: gunia la plastiki ni gramu mia moja na kidogo, na anayekata kilo nzima "ya gunia" anakata mahindi. Pimeni magunia matupu 10 pamoja, mugawanye kwa 10, mumuonyeshe.

Unyevu, ndugu ya Metorex

Mnunuzi mkubwa hasimami kwenye uzito. Anachomoa kipima-unyevu, anakitia mahindi konzi moja, anasema: "18." Kisha anakata kilo. Ana haki ya kukata, kwa kuwa maji si mahindi, na mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasipite 13 kwa mia hivi, kama sivyo ukungu unaingia na sumu yake. Lakini hesabu ya kukata inajulikana. Chukueni 100, mutoe unyevu, mugawanye kwa 87, muzidishe kwa kilo. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa 18 linahesabiwa kama 82 gawanya kwa 87, yaani kilo 94 na robo. Kama kweli ilikuwa 15, ni kilo 97 na gramu 700. Kila namba moja ya unyevu ni zaidi ya kilo moja kwa gunia.

Kipima-unyevu kinafanana na Metorex kwa tabia: kinaona kidogo kile kilichotiwa ndani, hakioni gunia lote. Konzi kutoka juu ya gunia lililolala kwenye umande ni bongo hata chombo kikiwa kizima. Ombeni sampuli zitoke juu, katikati na chini, kutoka magunia kadhaa, zichanganywe, zipimwe mara tatu. Kiwekwe kwenye mahindi, si ngano ao mchele, juu kila nafaka ina hesabu yake ndani ya chombo. Na mahindi yasitoke moja kwa moja kwenye jua kali, yapoe kwanza.

Kooperative isiyo na chombo inaweza kutumia chumvi. Chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, chumvi kavu, mahindi mpaka nusu ya chupa, mutikise, muache dakika 10 hivi. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umepita 15. Ikibaki chini bila kushika, uko chini ya 15. Haitoi namba, ila inawaambia kama siku hiyo munafaa kuuza ao kuanika tena.

Kifuniko cha Simba

Vipimo vidogo tunavipitia haraka. Kwa mahindi ya sentimita 75 kwa 50, hekta moja ina vishimo 26,667. Mukiweka NPK kilo 200 kwa hekta, kila kishimo kinapata gramu 7 na nusu. Hakuna anayepima gramu saba mara elfu ishirini na sita. Ndiyo maana watafiti wa ICRISAT walieneza kifuniko cha chupa. Kifuniko cha bia ya Simba ni kipimo kizuri, mukijua kinachukua gramu ngapi. Balansi ya jikoni ya kilo 5 yenye hatua ya gramu 1 inatosha, ila musipime kifuniko kimoja. Jazeni 50 bila kilima, mupime vyote pamoja, mugawanye. Tuseme ni gramu 260: kifuniko ni gramu 5 na kidogo, basi kishimo kinataka kimoja na nusu hivi. Mukizoea kutia gramu 10, mbolea ya kilo 200 inaisha mbele ya mwisho wa hekta. Munahitaji kilo 67 zaidi, mufuko mmoja na sehemu. Yurea ni nyepesi kuliko NPK, kifuniko kile kile kinabeba gramu chache, mupime upya.

Zile balansi ndogo za wauza dhahabu zenye desimali mbili musizinunue kwa kazi hii. Upepo unazisukuma.

Dawa ya wadudu ipimwe kwa sindano isiyo na ncha ao kikombe chenye mistari, kilichoandikwa SUMU, kisichorudi jikoni. Na kipimo cha shamba kiwe mkanda wa mita 50. Simu inakosa mita kadhaa. Kwenye uwanja wa 50 kwa 50, mita 4 kila upande zinawatoa karibu sehemu 15 kwa mia ya shamba.

Daftari moja likae karibu na balansi: tarehe, bidon ilisoma ngapi asubuhi, nani alikagua, nani alishuhudia. Mnunuzi akikuta mistari ya miezi mitatu imeandikwa vizuri, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Zoezi la mkutano ujao. Muna magunia 80 ya kilo 100, unyevu wa kweli 15. Balansi ya mnunuzi inapunguza kilo 2 kwa kila gunia, na chombo chake cha unyevu kinasema 17. Mumepoteza kilo ngapi? Musiangalie jibu kwanza: kwa kweli ilikuwa kilo 7,816, yeye aliandika 7,479. Kilo 337, magunia matatu na zaidi, na hakuna hata gunia moja lililoonekana kupunguka.